Ndugu yangu ameandika kwamba atanitoa nyumbani

Kwako Shangazi,

Assalamu alaikum. Nakuandikia usiku kwa sababu usingizi umenikataa, na kwa sababu jambo hili siwezi kumweleza mtu yeyote wa hapa mjini lisimfikie wifi yangu kabla ya sala ya Ijumaa. Wewe unazijua hali zetu sisi tuliozeekea Uingereza, unazijua barua za kaunsili, yaani serikali ya mtaa, na maswali yao, kwa hiyo sitakurudisha mbali.

Mdogo wangu wa tumbo moja ameandika barua na kuitia saini kwamba nikishindwa kulipa kodi ya nyumba ninayokaa, ambayo ni nyumba yake, atanipa notisi ya kuhama, na nisipohama ataiomba mahakama amri ya kunitoa. Amemalizia kwa kusema kwamba hatasita kufanya hivyo eti kwa kuwa mpangaji ni dada yake. Barua hiyo haikuandikwa kwa ugomvi. Iliandikwa kunisaidia katika rufaa yangu ya msaada wa kodi ya nyumba ambao kaunsili imeninyima, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwomba aiandike, au tuseme nilielekezwa nimwombe. Hata hivyo tangu niisome sijaweza kumtazama usoni, na kila nikijilaza hilo neno kwamba hatasita linanirudia.

Niruhusu nieleze ilivyokuwa, maana najua watakuwapo watakaosoma wakadhani tumekaa ndugu wawili tukapanga kuzila fedha za serikali. Hatukupanga kitu. Mume wangu alipofariki, mwaka 2015, mwenye nyumba tuliyokuwa tumepanga alitaka kuiuza, nami nilikuwa bado ndani ya eda. Mdogo wangu alikuwa na nyumba ndogo ya chumba kimoja cha kulala, ambayo aliinunua kwa mkopo wa benki ili aipangishe, na aliyekuwa akikaa humo alikuwa anaondoka. Akaniambia niingie mimi. Ni mimi niliyesema kwamba nitalipa, na ni mimi niliyetaka tuandikiane mkataba, kwa sababu mkopo ule unadaiwa kila mwezi na sikutaka mkewe apate la kusema. Tukakubaliana pauni 450 kwa mwezi, na baadaye zikawa 500. Yeye hakai hapa. Anakaa na watoto wake mtaa mwingine kabisa. Tangu wakati huo kodi imekuwa ikitoka katika akaunti yangu na kuingia katika yake, nikiwa nafanya kazi ya kufua na kupiga pasi katika nyumba ya kutunzia wazee, na kwa miaka yote hiyo sikumwomba mtu msaada. Sasa nimefikia umri wa pensheni, magoti hayawezi tena kazi ya kusimama, na pensheni haitoshi kodi na gesi kwa pamoja. Ndipo nikaomba ule msaada wa kodi ya nyumba ambao kwa watu wa umri wetu bado unatolewa na kaunsili, si huo wa Universal Credit wanaoupata wenye umri wa kufanya kazi. Nina haki nao kama mtu mwingine yeyote aliyelipa kodi za nchi hii.

Mtumishi wa kaunsili alinipigia simu, naye kwa kweli alikuwa na adabu. Aliniuliza kama mwenye nyumba ni ndugu yangu, nikasema ndiyo. Aliniuliza kama tunakaa pamoja, nikasema hapana. Hapo nilikuwa salama, kwa sababu sheria yao inamkatalia moja kwa moja mtu anayempangia ndugu wa karibu anayeishi naye katika nyumba hiyo hiyo: mzazi, mkwe, mtoto, kaka, dada, na wake au waume zao. Mjomba na binamu hawamo katika hesabu hiyo. Kisha akataka kujua kwa nini kodi yangu iko chini ya bei ya mtaa, na kwa nini sikutoa fedha za dhamana nilipoingia. Mwisho akaniuliza: ukiacha kulipa, ndugu yako atakutoa? Nikamjibu kama ambavyo mwanamke yeyote wa kwetu angemjibu, kwamba hapana, huyo ni ndugu yangu, nimemlea mwenyewe, hawezi kunitoa. Hilo ndilo nililoliamini, na sikuona sababu ya kusema vinginevyo.

Barua ilipokuja ilisema ombi limekataliwa kwa kuwa mapatano yetu si ya kibiashara.

Nilikwenda katika ofisi inayotoa ushauri bure, nikapokewa na binti mmoja mwenye subira sana. Akanifungulia kanuni ya 9 ya zile kanuni za mwaka 2006 zinazosimamia msaada huu wa kodi na kunieleza kwamba kupanga kwa ndugu si kosa, na kwamba kodi nafuu peke yake haiwezi kuufanya mkataba usiwe wa kibiashara. Wanachotakiwa kukitazama ni jambo zima: kama kuna mkataba, kama masharti yake yanaweza kudaiwa mahakamani, kama fedha hulipwa kweli, na kama mwenye nyumba angedai haki yake zisipolipwa. Akasema pia kwamba kulipa kwangu miaka mingi kabla ya kuomba chochote kunaonyesha kuwa hatukuubuni mkataba huu ili tuchukue fedha za umma. Nina mwezi mmoja tangu tarehe ya uamuzi kukata rufaa, na rufaa husikilizwa na baraza lisilo chini ya kaunsili. Taarifa za benki ninazo, mkataba ninao. Kilichokosekana ni barua ya mwenye nyumba ya kueleza angefanya nini kodi isipolipwa.

Vilevile aliniuliza kama mdogo wangu amewahi kunidai. Nikamwonyesha ujumbe ambao mpaka leo sijaufuta katika simu. Shangazi yetu alikuwa amefariki Tanga, shangazi wa sote wawili, nami nilikuwa nimetuma fedha za hitima, na kwa ajili hiyo kodi ikachelewa. Mdogo wangu akaniandikia: "Dada, kodi haijaingia. Benki wanakata tarehe 5. Tafadhali ilipe leo." Hapakuwa na salamu wala pole. Nililipa siku ile ile na sikumwambia kitu, lakini uliniuma sana. Yule binti alipousoma alifurahi, akasema huo ni ushahidi mzuri kuliko vyote nilivyoleta. Nikaona jinsi mambo yalivyogeuka: ujumbe ulioniumiza ndio unaonitetea, na hisani zake zote ndizo zinazonidhuru. Usiku ambao boila iliharibika na akaja mwenyewe na vifaa vyake, akapiga magoti mbele ya lile kabati mpaka maji ya moto yakarudi, huo hausaidii kitu. Nilipougua na kulazwa aliniambia kodi ya mwezi huo niiache, nami nikakataa na kuilipa. Binti alisema afadhali nilikataa. Hata sasa wakati tunasubiri, amenishauri nisiache kulipa na ndugu yangu asinisamehe hata mwezi mmoja. Kwa hiyo nalipa kwa akiba niliyoiweka kwa ajili ya Hija. Akiba hiyo haifiki pauni 10,000, kiasi ambacho kwa mtu wa umri wangu hawakihesabu, lakini ukiigusa kila mwezi inakwisha.

Nirudi kwenye barua. Nilikwenda kwao kuichukua. Wifi ndiye aliyeichapa, na mdogo wangu alikuwa anatazama mpira. Akanipa akasema, "Soma uone kama iko sawa." Nikasoma pale pale nikiwa nimesimama, nikasema iko sawa. Wifi akaniona uso wangu, akasema hayo ni maneno ya ofisini tu, nisiyatie moyoni. Mdogo wangu hakusema hata hilo. Angesema neno moja tu, hata kwa kunikebehi, ningelala.

Mama yetu alifariki yeye akiwa hajaanza shule. Nilimbeba mgongoni, nikampeleka shule, na nilipotangulia kuja London nilimtumia karo mpaka na yeye akavuka. Sisemi haya kwa kumsimanga, na wala sidai alipe. Wazee walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, nami nimeishi kwa neno hilo ugenini, ndiyo maana nilimjibu mtumishi wa kaunsili vile nilivyomjibu.

Sasa nifikirie pamoja nawe. Ikiwa barua ile ni maneno ya ofisini tu, kama alivyosema wifi, basi ndugu yangu ametia saini uongo, na mtu anayetoa maelezo ya uongo kwa kujua ili msaada utolewe anaweza kushtakiwa. Kazi yake ni ya kutaka rekodi safi. Jambo hili likimgeukia atakuwa ameharibikiwa kwa ajili yangu, na hilo sitalikubali hata kama nitalala njaa. Ikiwa barua ni ya kweli, basi imetimiza kilichotakiwa, rufaa ina nguvu, na mimi ninakaa katika nyumba ya mtu ambaye angeniburuza mahakamani. Kwa ajili ya rufaa naomba iwe kweli, na nikimaliza kuomba hivyo naomba isiwe kweli. Labda ningemuuliza tu, tukiwa peke yetu, kama angeweza. Lakini akisema ndiyo, nitarudi vipi kulala hapa? Na akisema hapana, hawezi, nitaipeleka vipi barua hiyo mbele ya baraza ilhali nimesikia kwa masikio yangu?

Kuna jambo jingine ambalo sikukusudia kuliandika. Katika harusi moja hapa mjini wifi alisikika akisema kwamba nyumba ile wangeipangisha kwa mtu baki wangepata fedha nyingi zaidi. Ni kweli, kodi zimepanda sana. Aliwahi pia kushauri kwamba wapandishe kodi yangu ili kaunsili ilipe. Nilimweleza kwamba kaunsili hailipi kodi yoyote utakayoiandika: tangu mwaka 2011 kiwango cha juu hupimwa kwa asilimia 30 ya chini ya kodi za eneo, na viwango hivyo vilisimamishwa tangu 2020 hadi 2024 huku wenye nyumba wakiongeza. Tena kuipandisha sasa, katikati ya maombi, kungefanya tuonekane kweli tumeubuni mkataba. Alinyamaza. Lakini tangu siku hiyo najiuliza kama sentensi ile ilitungwa kwa ajili ya kaunsili au kwa ajili yangu, na kama mdogo wangu aliisoma kabla ya kutia saini. Sitaki kumshuku wifi. Amenipikia wakati wa eda na sijasahau.

Yule binti wa ushauri aliniambia kwamba naweza kuandikisha jina langu kwa nyumba za wazee za kaunsili, ambako suala la ndugu lisingekuwapo kabisa. Nilimwambia sitaki, na nakuomba nawe usinishauri kuhama, kwa sababu hapa ndipo wajukuu wa ndugu yangu wanaponijia baada ya madrasa, na jirani yangu ananijua. Nikiwaza vizuri zaidi naona afadhali nihame hata kesho, niwe mpangaji wa mtu asiyenijua, ambaye akiandika kwamba hatasita sitakuwa na neno naye. Kisha najiuliza watu watasema nini, kwamba dada mkubwa amemkimbia mdogo wake baada ya wema wote aliomtendea.

Fedha si jambo linaloniuma, Shangazi, ingawa nazihitaji na sina pa kuzitoa kwingine. Kinachoniuma ni kwamba aliweza kuiandika kwa urahisi hivyo. Mimi ningeambiwa niandike kwamba nitamtoa yeye nje na kumpeleka mahakamani, hata kwa kumsaidia, ningetafuta maneno mengine. Ningesema nitamdai, nitakaa naye, nitatafuta wazee watusuluhishe. Binti wa ushauri alisema maneno kama hayo yasingetosha, kwa sababu yangeonyesha undugu na si biashara. Ninalielewa hilo. Bado ningeyatafuta.

Muda wa rufaa unakaribia kwisha, nami ninayo fomu niliyokwisha kuijaza, mkataba, taarifa za benki na nakala ya ule ujumbe wa kodi, vyote tayari. Kilichobaki ni kuamua kama barua yake iingie humo au nipeleke bila hiyo. Ukiweza nijibu upesi, na kama yupo msomaji aliyewahi kusimama mbele ya baraza akipangia kwa ndugu, angenieleza wanauliza nini na kama humwita pia mwenye nyumba aulizwe mbele yako, kwa sababu hilo ndilo ninaloliogopa zaidi.

Ukiichapisha barua hii, tafadhali usiutaje mji wetu. Kazi ya mdogo wangu nimeiacha kwa makusudi, maana watu wangemtambua mara moja, na sitaki asemwe vibaya na mtu yeyote.

Wako,
Dada mkubwa
Midlands, Uingereza