Barua ya wazi kwa shangazi anayepima mvua na joto uani

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Umesema unataka kuliacha daftari lako la hali ya hewa kwa sababu namba zako hazilingani na zinazotangazwa: kituo cha hali ya hewa kimesema hakuna mvua, wewe uani umepima milimita 31. Tafadhali usiliache. Katika majira haya ya joto na ngurumo, kutolingana huko ndiko kunakolifanya daftari liwe na thamani. Wingu moja la ngurumo huwa na upana wa kilomita chache tu. Linaweza kuulowesha mtaa mmoja chapachapa na kuuacha wa pili una vumbi. Kituo kikiwa kilomita 15 kutoka kwako, mvua iliyokunyeshea wewe hakikuiona. Shahidi wake ni wewe na kipimamvua chako. Ila ushahidi huo utasimama tu kama vifaa vimekaa sawasawa, na hapo ndipo pa kukaza macho.

Kipimamvua kwanza. Ukuta au mti ukiwa na urefu wa mita 4, kipimamvua kikae angalau mita 8 kutoka hapo. Mita 16 ni bora zaidi kama uwanja upo. Usikipandishe juu ya paa kwa kutafuta uwazi, maana kule upepo una nguvu na huyapeperusha matone yakapita juu ya mdomo wa chombo bila kuingia. Upepo hupunguza mvua inayopimwa kuliko kosa lolote la macho. Usikikalishe chini kabisa pia: mdomo uwe angalau sentimita 30 juu ya ardhi, penye majani si saruji, la sivyo matone yanayoruka kutoka chini yataingia. Weka pimamaji juu ya mdomo uhakikishe haujainama.

Kama chombo ni cha kujitengenezea, hesabu ni nyepesi. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 juu ya mita 1 ya mraba. Faneli yenye kipenyo cha sentimita 10 ina eneo la sentimita za mraba 78.5, kwa hiyo kila milimita ya mvua huleta mililita 7.85 za maji. Ukikuta mililita 196, gawanya kwa 7.85, upate milimita 25. Pima kipenyo cha mdomo wa faneli kwa ndani, kwenye ukingo wa juu, si cha chupa iliyo chini yake. Kosa hili ni la kawaida mno, nalo huharibu namba za msimu mzima kwa kiasi kile kile bila mwenyewe kujua.

Kipimamvua cha dukani chenye mrija mwembamba ndani ya silinda kubwa kina mtego wake. Mrija ule kwa kawaida hujaa kwenye milimita 25, na ziada humwagikia kwenye silinda ya nje. Siku ya dhoruba mtu huona mrija umejaa, akaandika 25, akamwaga. Mvua kubwa kuliko zote za mwaka inapotea hivyo! Soma mrija, andika, umwage; kisha mimina maji ya silinda ndani ya mrija kidogo kidogo, ukisoma kila mara, halafu jumlisha. Macho yawe usawa mmoja na maji, na usome sehemu ya chini ya mbonyeo wa maji, si kingo zinazopanda kwenye plastiki.

Mvua ya mawe ikiziba faneli, pima maji ya uvuguvugu kwenye mrija hadi alama ya 10, yamimine juu ya barafu, subiri iyeyuke yote, kisha toa 10 kwenye jumla. Kabla ya hapo okota jiwe kubwa kuliko yote na ulipime kwa rula upande wake mrefu, upesi, kwa kuwa katika joto hili huanza kupungua pale pale. Ila usitoke nje mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Barafu ikiyeyuka kabla, iyeyuke.

Sasa joto. Karibu kila namba ya ajabu ninayoonyeshwa, ya nyuzi 43 wakati majirani wana 36, inatokana na kipimajoto kilichotundikwa ukutani. Ukuta hunywa jua mchana na kuutema usiku, kwa hiyo joto la juu linapanda kupita kiasi na joto la chini halishuki inavyostahili. Tunachotaka ni joto la hewa, si la tofali. Kipimajoto kikae kivulini kwenye urefu wa mita 1.25 hadi 2, juu ya majani, mbali na saruji na lami, ndani ya kibanda cheupe kinachopitisha hewa. Kibanda cha mbao chenye pande za luva, yaani vibao vilivyoinama vyenye nafasi kati yao, kilibuniwa na Thomas Stevenson katika karne ya 19, na wazo lake halijachakaa. Kwa gharama ndogo, chukua visahani vyeupe vya plastiki 8, vile vya kuwekea vyungu vya maua. Vitoboe katikati vyote isipokuwa viwili vya juu, vifunike kifudifudi kimoja juu ya kingine kwenye fito 3 za nati, ukiacha nafasi ya sentimita 2 kati yao. Kipimajoto kining'inie katikati bila kugusa plastiki. Kikilowa, kitasoma chini ya joto halisi la hewa, kwa sababu maji yanapokauka hubeba joto; kifute, ngoja dakika chache, ndipo usome.

Kukihakiki, jaza kikombe barafu iliyopondwa, ongeza maji safi kidogo, koroga, acha kipimajoto humo dakika 10. Kinapaswa kusoma 0. Kikisoma 0.6, andika kwenye jalada la daftari kwamba kila namba iliyo karibu na sifuri ipunguzwe 0.6. Cha umeme kivalishe kwanza mfuko usiopitisha maji.

Saa ya kusoma ni jambo ambalo ningekuomba ulishikilie kuliko yote, shangazi. Saa tatu asubuhi, kila siku. Ukisoma na kurudisha alama za juu na chini, zile zinazobaki pale joto lilipofikia kikomo, saa kumi jioni, siku moja ya joto kali itahesabiwa mara mbili. Leo imefika 36. Ukirudisha alama hewa bado ni 36, basi alama inaanzia hapo hapo. Kesho dhoruba ikipoza mchana usipite 29, kipimajoto bado kitakuonyesha 36. Asubuhi kosa hili halipati nafasi. Joto la juu utakalolikuta saa tatu ni la jana mchana, liandike kwenye mstari wa jana. La chini ni la leo.

Barometa, kile kifaa cha kupima mgandamizo wa hewa, inasomwa vizuri zaidi kwa mwendo wake kuliko kwa namba yenyewe. Karibu na usawa wa bahari mgandamizo hushuka hektopaskali 1 kwa kila mita 8 unazopanda, kwa hiyo irekebishe kwanza kwa mwinuko wa kwako. Ukiona inashuka taratibu kisha inaruka juu ghafla huku upepo wa baridi ukivuma, hiyo ni hewa nzito iliyoanguka kutoka ndani ya wingu na kutangulia mvua. Andika saa na dakika. Ngurumo nayo ihesabu: sekunde 3 tangu umeme kumulika ni takriban kilomita 1. Sekunde zikiwa 30 au pungufu, uwe ndani.

Upepo bila kifaa unaandikwa kwa kipimo cha Beaufort, namba zinazokadiria nguvu ya upepo kwa yale macho yanayoyaona. Matawi makubwa yakitikisika ni 6, miti mizima ikiyumba ni 7, vijiti vikikatika ni 8.

Daftarini tumia penseli, wino hutiririka ukilowa. Siku isiyo na mvua andika 0.0. Siku ambayo hukusoma weka mstari, usiweke sifuri, wala usikisie kutoka kwa jirani. Ukisafiri siku 3, maji utakayoyakuta ni ya siku 3. Yaandike hivyo kwa jumla moja, usiyagawe. Matone machache yasiyofika 0.1 yana alama yake, mimi hutumia herufi D kwa dalili. Na zile milimita 31 zilizokutia shaka, zirudishe mahali pake bila kuzifuta, ukiongeza saa mvua ilipoanza na ilipokoma.

Kesho asubuhi chungulia ndani ya faneli kabla ya kusoma. Majira haya buibui hupenda kufuma pale kwenye tundu.

Wako,
mwana wa kaka yako