Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Coastal Union: msimu huu tuchezeeni Mkwakwani

Kwa Mwenyekiti,
Klabu ya Coastal Union,
Tanga.

Mheshimiwa Mwenyekiti, assalaam alaykum.

Mimi ni fundi baiskeli wa hapa Ngamiani, mwanachama na shabiki wa Coastal, Wagosi wa Kaya, tangu utoto, tangu enzi zile tunaingia uwanja wa Mkwakwani hapa Tanga kwa kushika mkono wa mtu mzima yeyote aliyekubali kutuita wanawe. Barua hii nimekaa nayo kifuani muda mrefu. Adabu ingetaka yasemwe ndani, wenyewe kwa wenyewe, na ndivyo tulivyofanya miaka yote. Sasa CHAN, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, imepita, ratiba ya Ligi Kuu imetoka, Septemba hii ya 2025 mpira unaanza, na mimi sioni tena faida ya kunong'ona.

Kilichonimalizia subira ni mzee mmoja wa tawi letu. Ni katika wale waliouona ubingwa wa 1988 kwa macho yao, mwaka ambao kombe la Tanzania Bara lilikuja Tanga na halikupitia Kariakoo kwa Simba na Yanga. Juzi amekuja kuziba pancha, nikamuuliza kama ameshalipia kadi yake ya uanachama. Akasema mwaka huu halipii. "Nilipie timu inayokwenda kuwa mwenyeji kwenye nyumba za watu?" Nikatafuta jibu la kumpa nikalikosa. Mzee huyo hajawahi kuwa Simba wala Yanga hata kwa mzaha, na katika mji huu watu wa namna hiyo wanazidi kupungua. Mwenyekiti, ukimpoteza yule hutampata mwingine kwa tangazo la jezi mpya.

Naomba turudi nyuma kidogo, maana tukianza msimu bila kutazama tulikotoka tutajikwaa palepale.

Msimu wa 2023/24 tulimaliza nafasi ya nne. Waliokuwa juu yetu ni Yanga, Azam na Simba tu. Kipa wetu Ley Matampi aliwapita makipa wote wa ligi, Diarra wa Yanga akiwamo, kwa mechi alizocheza bila kuruhusu bao. Mji ulichangamka. Vijana walianza kuvaa jezi ya Coastal hata siku zisizo za mechi, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa miaka mingi. Tukapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, sisi, timu ya Tanga, baada ya kuikosa Afrika tangu enzi ambazo nusu ya mashabiki wetu wa leo walikuwa hawajazaliwa.

Halafu ikaja Agosti 2024. Ngao ya Jamii, mashindano ya kufungua msimu, kule Amaan Zanzibar, Azam wakatufunga 5-2. Siku tatu baadaye tukafungwa na Simba 1-0. Tukaenda Angola kwa Bravos do Maquis tukala 3-0, marudiano yakaisha bila bao, na safari ya Afrika ikawa imekwisha kabla Agosti yenyewe haijaisha. Kocha David Ouma, aliyetufikisha nafasi ile ya nne, naye akaondoka msimu ukiwa mchanga kabisa. Kazi ya mwaka mzima ilibomoka ndani ya mwezi mmoja, na mwezi wenyewe ni ule wa kwanza wa msimu.

Ndiyo maana naandika sasa na si Januari. Baiskeli ikitoka kwa fundi na rimu iliyopinda, kadiri unavyokanyaga ndivyo inavyozidi kuyumba, na hakuna anayenyoosha rimu akiwa juu ya tandiko. Kocha anayeletwa mechi ya saba, mshambuliaji anayesajiliwa saa za mwisho za dirisha, kambi inayoanza wenzetu wakiwa wameshacheza mechi zao za kirafiki, hayo yote hulipwa mwezi wa nne na wa tano tunapoanza kuhesabu pointi za kutunusuru tusishuke daraja. Tunaijua hesabu hiyo. Mwaka 2016 tulishuka, na hatukushuka peke yetu: Coastal, African Sports na Mgambo, timu zote tatu za Tanga zilitoka Ligi Kuu msimu mmoja. Mkoa mzima ukabaki hauna timu. Tulirudi 2018. Msimu wa 2020/21 tukaponea kwenye mchujo dhidi ya Pamba, na jioni ile hapa Mkwakwani watu wazima walilia. Sitaki kulia tena kwa furaha ya kutoshuka. Klabu iliyoanzishwa 1948 na yenye ubingwa wa nchi haistahili kufurahia hilo.

Sasa nije kwenye lenyewe.

Msimu uliopita, wa 2024/25, mechi zetu za nyumbani na Yanga na Simba zilichezwa Arusha. Oktoba 2024 Yanga walitufunga 1-0 pale uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Machi 2025, Ramadhani ikibisha hodi, Simba wakatufunga 3-0 palepale, yote matatu ya Steven Mukwala. Kwenye karatasi sisi ndio tulikuwa wenyeji. Jukwaani ulizungushaje macho ukamwona mwenyeji?

Mimi nilikwenda. Kutoka Tanga hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 400: Segera, Korogwe, Mombo, Same, Moshi, ndipo ufike. Nilifunga karakana, nikaiacha kazi ya watu, nikapanda basi usiku. Wakati wa kurudi basi lenyewe lilitukwamisha porini hadi kunapambazuka, kampuni haikutuletea gari jingine wala haikuturudishia hata shilingi. Wateja wawili niliokuwa nimewaahidi baiskeli zao asubuhi ile wakanikatia tamaa, na mmoja hadi leo hupeleka kazi yake kwingine. Nyumbani mke wangu aliniuliza swali moja tu, kwamba nauli ile ingenunua nini. Anajua, na mimi najua. Na ukumbuke mimi nina afadhali, nina kazi ya mikono na naweza kuifunga nikaifungua. Yule mzee wa tawi angefikaje Arusha? Kijana wa Mikanjuni anayelipwa kwa kutwa angefikaje? Wamama wanaokaa na mihogo na juisi nje ya Mkwakwani siku ya mechi kubwa, wao wangeisafirisha biashara yao kwenda kumuuzia nani?

Hata mimi siku ya mechi kubwa karakana yangu hujaa. Tanga ni mji wa baiskeli, watu huja na baiskeli zao kutoka Makorora, kutoka Chumbageni, kutoka hata Pongwe, na njiani matairi hupasuka, minyororo hukatika. Mechi na Yanga ikichezwa hapa mimi napata ada ya shule ya mtoto. Ikichezwa Arusha naipeleka pesa yangu Arusha. Sisemi klabu ipo kwa ajili ya karakana yangu. Nasema tu kwamba timu ikihama, haihami na wachezaji peke yao.

Nafahamu kwamba Mkwakwani si mali yetu, ni uwanja wa CCM. Nafahamu kwamba TFF, shirikisho la soka la nchi, na Bodi ya Ligi wana masharti yao ya eneo la kuchezea, vyumba vya kubadilishia nguo, uzio na mengineyo, na kwamba uwanja usiofaa hufungiwa. Hilo silipingi, afya ya wachezaji ni kitu. Lakini mtaani watu wana mengine wanayoyasema. Wapo wanaosema mechi na wakubwa hupelekwa mbali kwa sababu kule mapato ya mlangoni ni manono. Wapo wanaosema hakuna aliyekwenda kuwasukuma wenye uwanja mapema, hadi ikawa imechelewa. Mimi sina ushahidi wa hili wala lile. Dhana yangu ni kwamba kila mmoja alimwachia mwenzake: chama kikadhani klabu itahangaika, klabu ikadhani jiji litahangaika, na nyasi hazikumsubiri mtu. Kama nimekosea nitafurahi kusahihishwa hadharani, maana ukimya ndio unaozaa maneno yote haya.

Ungetuita, Mwenyekiti. Tanga ina mafundi. Wapo waashi, wapo wapaka rangi, wapo mafundi bomba, wapo vijana ambao wangekata majani na kumwagilia bila kudai ujira, mradi wajue kwamba wakimaliza timu yao itachezea hapo. Mimi mwenyewe nachomelea vyuma. Geti na mabomba ya uzio ningeyashughulikia kwa mikono yangu na gesi yangu. Hakuna tangazo lililonifikia la kuomba nguvu za watu. Tuliitwa mashabiki tulipotakiwa kununua tiketi.

Kuna suala la usajili pia, nalo sitalirefusha. Bakari Mwamnyeto alikuwa nahodha wetu akaenda Yanga 2020. Ibrahim Ame akaenda Simba mwaka huohuo. Abdul Sopu aliwafunga Yanga mabao matatu kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani pale Arusha Julai 2022, mechi iliyoisha 3-3 tukaja kupoteza kwa penalti, na kabla hatujamaliza kuisimulia akawa mchezaji wa Azam. Mwalimu Juma Mgunda, mtoto wa nyumbani, akachukuliwa na Simba Septemba 2022, msimu uliofuata ukiwa umeanza tu. Kuuza mchezaji si dhambi, timu yetu haina tajiri wa kumwaga fedha na mishahara lazima ilipwe. Swali letu ni moja: fedha ya aliyeondoka imeleta nani? Shabiki haulizi ili achunguze mfuko wa mtu. Anauliza kwa sababu Septemba akikaa jukwaani anataka kujua beki wa kati ni nani na amecheza na mwenzake mara ngapi.

Kila mwanzo wa msimu viongozi wa klabu hii, wa sasa na waliowatangulia, wametuambia timu itakuwa ya ushindani. Neno hilo nimelisikia tangu nina nywele nyeusi. Wenzetu wa Kariakoo wana Simba Day na Wiki ya Mwananchi, wanajaza uwanja kabla hata ya pointi moja kuwaniwa, shabiki anaondoka anamjua kila mchezaji kwa sura. Sisi hatuhitaji wasanii wala fataki. Tukusanyeni siku moja Mkwakwani, alasiri, kiingilio kile mtu wa kutwa anachokimudu, mtutambulishie timu, kocha asimame atuambie anataka kumaliza nafasi ya ngapi, nawe usimame utuambie mechi zitachezwa wapi. Hilo la mwisho hata ukilisema peke yake ukakaa, mimi nitapiga makofi.

Sikuombi ubingwa msimu huu, na nafasi ya nne sikuombi pia, ingawa nimeshaionja na ladha yake naijua. Wachezaji wakijituma wakafungwa tutawapokea. Mimi nimeshaizoea ligi hii, najua bajeti ya Yanga na yetu hazikai meza moja. Lakini kufungwa mbele ya watu wako ni jambo moja, na kufungwa kilomita 400 kutoka kwao, ukiitwa mwenyeji mbele ya jukwaa linalomshangilia mgeni, ni jambo jingine kabisa. Hilo la pili hatulitaki tena.

Kwa hiyo ombi langu kwako, Mheshimiwa Mwenyekiti, na nalirudia ili lisipotee katikati ya maneno mengine: mechi za nyumbani za Coastal Union msimu wa 2025/26 zichezwe Mkwakwani. Zote. Ya kwanza na ya mwisho, ya Yanga na ya Simba, na zile za timu ambazo hazijazi uwanja. Kama uwanja una kasoro, tuambieni leo ni kasoro gani na nani anatakiwa kuirekebisha, twende tukamgongee mlango pamoja. Kama kuna mpango wa kuhamisha mechi hata moja, tuambieni kabla ligi haijaanza, tusije tukausoma kwenye ratiba iliyobadilishwa zikiwa zimebaki siku mbili. Naomba jibu lenye tarehe ndani yake. Nitalisoma kwa sauti pale kijiweni, na yule mzee nitampelekea kwake.

Wako katika Coastal,

Fundi baiskeli, Ngamiani, Tanga.