Mwanangu, rudi golini

Mwanangu kipenzi,

Saa hizi ni saa nane usiku, mume wangu, huyu mjukuu wangu, ndo kwanza amelala, amenihangaisha kweli leo, nadhani ni jino linataka kutoka, homa hana usishtuke. Wewe umelala hapo chumba cha pili na ningeweza kukusubiri asubuhi tuongee lakini najijua, nikikuangalia usoni nitalia na wewe utanyamaza kama kawaida yako, basi nimeona niandike nikutumie kwenye simu usome ukiwa mwenyewe.

Juzijuzi wenzako wa timu walipopita kukusalimia, yule mfupi anayecheza winga akakuuliza unarudi lini mazoezini, ukamjibu "mimi saa hizi mama bana, mpira niachieni nyie". Nilikuwa jikoni nikasikia na moyo ukanichoma kwa sababu maneno yale sio yako, ni yangu. Mimi ndo nilikwambia hivyo ulipokuja na habari ya mimba, nilikuwa na hasira nikasema mpira sasa basi, ukishazaa hakuna kuruka ruka tena golini, umekuwa mama. Ukayashika. Mwanangu nilikosea na nakuomba msamaha, hilo ndo la kwanza.

La pili ni hivi. Tangu siku ile usiku nikibembeleza mtoto nakuwa na simu mkono mmoja natafuta habari za makipa wa mpira wa mikono, wanawake, waliozaa wakarudi. Wapo wengi tu lakini kuna mmoja nimekwama naye siku ya nne leo, wa Korea Kusini, anaitwa Oh Yong-ran. Amezaliwa 1972, ananizidi mimi miaka michache tu. Olimpiki amecheza 5. Tano mwanangu! Atlanta 1996, Sydney 2000, Athens 2004, Beijing 2008 halafu Rio 2016. Ya kwanza alikuwa na miaka 23, ya mwisho 43, na zote ni kazi hiyohiyo yako, kusimama golini watu wanakurushia mpira.

Wakorea kwenye huu mchezo sio watu wa kubeza, wanawake wao walichukua dhahabu Seoul 1988 wakiwa nyumbani, wakachukua tena Barcelona 1992. Kwahiyo yeye alivyoingia alikuta dada zake wameshaacha dhahabu mbili na nchi nzima inajua kazi yenu ni kuleta ya tatu. Haikuja. Atlanta wakafika fainali, Denmark wakawafunga 37-33 dakika za nyongeza. Sydney nusu fainali Denmark haohao, wakamaliza wa nne. Athens fainali tena, na ni nani, Denmark!

Hiyo ya Athens nimeisoma mara mbili mbili kwa sababu sikuamini. Dakika 60 zimeisha 25-25. Wakaongezewa dakika 10, 29-29. Wakaongezewa tena 10, 34-34. Yaani dakika 80 hakuna mshindi, ikabidi waende penati na Denmark wakashinda 4-2. Wewe unajua kuliko mimi kipa anakuwaje baada ya mechi kama hiyo, goli lenyewe mita 3 kwa 2, mikono mitupu hakuna glavu, mtu anaruka kutoka mita sita anakupigia na wewe huruhusiwi kufumba macho. Ngoja nikuambie kitu sijawahi kukuambia, ile ya mimi kutokuja kuangalia mechi zako sio kwamba nilikuwa busy sokoni kila wakati, nilikuja ile mara moja nikaona mpira unakupiga shavuni ukaanguka ukasimama ukatikisa kichwa ukaendelea, nikasema sirudi tena, mimi nilikuzaa na ile shavu niliipaka mafuta mwenyewe. Ni woga wangu tu. Sio kwamba sikujali.

Haya turudi kwa huyu dada. Mume wake naye ni kipa, Kang Il-koo, amedakia timu ya taifa ya wanaume, yaani nyumba moja makipa wawili. Baada ya Athens akazaa. Hapo ndo nilikaa vizuri kwenye kiti maana nilitaka kuona sasa inakuwaje, na kilichokuwa ni kwamba alirudi, Beijing 2008 yuko golini, mama wa mtoto, miaka 35.

Na hata kufika Beijing kwenyewe ilikuwa shida tupu, mechi za kufuzu za Asia zilirudiwa kwa sababu ya malalamiko kuhusu marefa, Korea wakamfunga Japan kwenye marudio, halafu mahakama ya michezo ikafuta yale marudio ya wanawake, ikabidi waende Ufaransa mwezi wa tatu kutafuta nafasi upya. Wakaipata. Wakafika nusu fainali na Norway, wakasawazisha 28-28 zimebaki sekunde chache, ile kengele inalia Norway wakafunga, 29-28. Korea wakalalamika kwamba muda ulikuwa umeisha mpira haujavuka mstari, malalamiko yakakataliwa. Mimi nisiyejua sheria nimeirudia ile video sijui mara ngapi na bado roho inaniuma kana kwamba ni wewe uliyekuwa pale.

Lakini sikiliza kilichofuata maana hiki ndo kimenifanya niandike. Mechi ya mshindi wa tatu wanacheza na Hungary, dakika ya mwisho Korea wanaongoza, mechi imeshaisha kabisa kwa maana ya matokeo. Kocha wao Lim Young-chul akaita taimauti. Watu wanashangaa, unaita taimauti ya nini umeshashinda? Kumbe alikuwa anawaambia wale wadogo watoke, waingie dada zao wakubwa ambao ile ilikuwa Olimpiki yao ya mwisho, wawe uwanjani wao filimbi ikilia. Na Oh Yong-ran akiwemo. Ikaisha 33-28, shaba, wanakumbatiana wanalia. Mwanangu nililia na mimi, hapa na mtoto begani, saa tisa usiku.

Sasa ukiangalia, ile ilikuwa kwaheri yake. Walimuaga mbele ya dunia nzima, ana medali mbili za fedha na hiyo shaba, ana mtoto nyumbani, umri umekwenda, na kweli London 2012 hakuwepo. Nani angemdai kitu? Halafu 2016 yuleyule kocha Lim akamwita tena na akaenda. Kwenye timu ya Rio kulikuwa na wasichana ambao Atlanta inachezwa walikuwa bado watoto wadogo, na yeye kasimama nyuma yao na ile suruali ndefu ya kipa anawapangia ukuta.

Sitakudanganya kwamba walichukua kitu. Hawakuvuka makundi, na tangu Korea waanze kucheza Olimpiki 1984 ilikuwa ni mara ya kwanza kutofika nne bora. Ila kuna mechi na Uholanzi, hao Uholanzi walikuwa ndo wametoka kuwa wa pili kombe la dunia 2015. Wako 32-32, muda unaisha kabisa, refa anawapa Uholanzi penati ya mita saba. Kila mtu anajua imeisha maana penati za mita saba wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba kipa akidaka moja kati ya nne ameshafanya kazi. Mama wa miaka 43 akasogea mbele, akainua mikono, akaitoa. Ikabaki 32-32.

Nimeiangalia ile video nikakukumbuka wewe form three, siku uliyorudi nyumbani mkono umevimba unanionyesha huku unacheka, "mama nimetoa penati mbili leo". Sijakuona ukicheka vile muda mrefu.

Sisemi ucheze Olimpiki. Sisemi hata uchezee mkoa. Na yeye najua alikuwa na timu inayomlipa na kambi na madaktari, wewe una uwanja wa vumbi na nauli ya daladala, naijua tofauti. Nasema tu kwamba aliyekuambia mama hawezi kusimama golini ni mimi, na mimi ndo natakiwa niyafute.

Kwahiyo nimepanga hivi. Jumanne na Alhamisi saa kumi mtoto anabaki na mimi, kibanda nitafunga mapema hizo siku mbili, wateja watazoea. Miezi saba sasa anakula uji vizuri, wewe mnyonyeshe kabla hujatoka na ukirudi. Nesi wa kliniki nilimuuliza wiki iliyopita bila kukuambia, usikasirike, akasema uanze taratibu, kukimbia kidogo na kunyoosha nyonga kwanza, kuruka baadaye, na kama kuna maumivu usijikaze uende ukaonwe. Kocha wenu pia nilimpigia, amesema kipa waliyenaye ni mmoja tu na akiumia hawana mtu.

Suruali yako ya golini nilikuwa nimeifungia kwenye sanduku chini ya vitenge, leo nimeitoa nikaifua, iko kwenye kamba nyuma itakuwa imekauka asubuhi. Mpira wa kiunoni umelegea kidogo, niachie nitautia mwingine kabla ya Jumanne. Viatu sijui kama bado vinakutosha maana miguu ilivimba ukiwa na mimba, vijaribu uniambie.

Ameanza kulia tena huyu, ngoja nimchukue.

Mama yako