Mhariri, tuchapishie mraba wa kupimia macho

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Nakuru, na kwa miaka 31 nimeshona sare za shule. Januari mwaka juzi, msimu ambao sisi mafundi hatulali, nilimrudishia muuza vitambaa jora zima la drafti, ile ya vimraba vya buluu na vyeupe, nikamwambia limefumwa vibaya. Mistari ilikuwa imevimba katikati kama nguo iliyofuliwa kwa maji moto. Kijana yule hakunibishia. Alilitandaza jora mezani, akaweka rula ya mbao juu ya mstari, akasema, "Mama, umenyooka." Nikatazama tena. Machoni pangu hata rula ilikuwa imepinda.

Aliyenifumbua zaidi ni sindano. Nikitunga uzi hufumba jicho moja, na kwa mazoea ni la kushoto. Siku moja vumbi likaniingia jicho la kulia, nikafumba hilo. Tundu la sindano likatoweka. Ncha niliiona, vidole vyangu niliviona, na dirisha lililo nyuma ya cherehani pia, lakini pale nilipokaza jicho palikuwa na wingu la kijivu. Kumbe jicho la kulia lilikuwa likifanya kazi ya macho mawili, nami sina habari.

Duka moja la miwani likaniuzia miwani mipya. Haikusaidia kitu. Kwenye kambi ya macho iliyofanyika kanisani kwetu, mhudumu alinimulika tochi, akasema ni mtoto wa jicho ambaye hajakomaa, nirudi mwaka ujao. Sina kinyongo naye, foleni siku hiyo ilifika barabarani. Lakini mtoto wa jicho huwa mbele, kwenye lenzi, na hutia ukungu kila kitu. Mistari iliyonyooka ikianza kupinda, mara nyingi shida iko nyuma ya jicho, kwenye retina, na tochi pekee haifiki huko.

Hatimaye daktari wa macho alinitia matone ya kupanua mboni, akanipiga picha ya OCT, ambayo hutumia mwanga kuonyesha tabaka za retina kana kwamba zimekatwa kwa makasi. Akanionyesha kwenye skrini: mahali panapofaa kuwa na bonde dogo palikuwa pameinuka kilima, na chini yake maji. Nikavikumbuka vimraba vyangu vilivyovimba.

Alisema ni uchakavu wa makula. Makula ni kijisehemu cha katikati ya retina, upana wake milimita 5 hivi, nacho ndicho tunachosomea na kutambulia sura za watu. Kwa wengi ugonjwa huu ni wa aina kavu, unaokwenda polepole kwa miaka. Wangu ulikuwa umegeuka wa majimaji, yaani mishipa mipya ya damu, dhaifu, huota chini ya retina na kuvuja. Huo haungoji. Kovu likishajengeka, hakuna wa kuliondoa.

Matibabu yake ni sindano ndani ya jicho. Najua msomaji ameshtuka, nami nilitetemeka. Jicho hutiwa ganzi kwa matone, unaambiwa utazame juu, unasikia kama mtu amekubonyeza kwa kidole, basi. Dawa niliyopewa ni bevacizumab, ambayo kwanza ilikuwa ya saratani ya utumbo mpana. Mwaka 2011 utafiti wa Marekani uliilinganisha na ranibizumab, ambayo ni ghali zaidi, ukaona kwamba wagonjwa wa pande zote mbili waliona sawasawa, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu. Nilidungwa kila mwezi kwa miezi mitatu, na sasa tunarefusha muda kulingana na picha inavyoonyesha. Mistari imenyooka kiasi. Miezi niliyoipoteza haikurudi: nikishika kitambaa mkononi bado kuna kivuli cha ukubwa wa kifungo cha shati.

Mama yangu, kule Butere, alizeeka akigeuza uso kando kila unapomsemesha. Wake za ndugu zangu walidhani anawadharau. Mmoja aliacha kumpelekea chai mwenyewe, akawa anamtuma mtoto. Daktari aliponiambia kwamba ugonjwa huu hufuata ukoo, na kwamba aliyepoteza katikati ya jicho hujifunza kutazama kwa pembeni, nilinyamaza kwa muda mrefu. Sina cheti cha kuthibitisha, lakini naamini mama alikuwa akizitafuta sura zetu kwa upande wa jicho uliokuwa ungali mzima. Tulimzika, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwomba afumbe jicho moja atuambie anaona nini.

Kuna wanaosema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Hapa hapa Nakuru, mwaka 2007 na 2008, watafiti waliwapima watu 4,381 wa miaka 50 na zaidi. Kati ya wale ambao picha zao za retina zilisomeka, asilimia 11.2 walikuwa na dalili za mapema na asilimia 1.2 walikuwa wamefika hatua ya juu. Aliye na dalili za mapema huwa hahisi chochote.

Kuhusu vidonge vinavyouzwa sokoni kama dawa ya macho, muulize daktari kwanza. Vitamini zilizofanyiwa utafiti, pamoja na zinki na luteini, huwafaa walio hatua ya kati, na hupunguza hatari ya ugonjwa kuzidi, hazirudishi uwezo wa kuona. Zenye beta-karotini si za mvutaji sigara, kwa kuwa humzidishia hatari ya saratani ya mapafu. Na sigara yenyewe huuchochea ugonjwa huu kuliko chochote tunachoweza kujizuia nacho. Sukuma wiki tuendelee kula.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Daktari Mswisi, Marc Amsler, alituachia kipimo cha karatasi: mraba wa sentimita 10 kwa 10, ndani yake vimraba vya milimita 5, na nukta katikati. Unavaa miwani yako ya kusomea, unaushika umbali wa sentimita 30, unafumba jicho moja na kutazama nukta, kisha jicho la pili. Mstari ukipinda au kipande kikikosekana, nenda kwa daktari wa macho wiki hiyo hiyo. Tuchapishieni mraba huo mara moja kwa mwezi, kando ya chemshabongo, na wanaoandaa kambi za macho wauweke mezani pamoja na tochi.

Kwa sasa mimi hutumia kipande cha drafti nilichokipigilia mlangoni na kukitia nukta kwa kalamu nyeusi. Wateja wakija kupimwa sare za watoto, huwasimamisha mbele yake kwanza.

Fundi cherehani,
Kaptembwo, Nakuru