Risala ya Kikundi cha Vijana Watengenezaji Programu wa Kujitolea kwa Mgeni Rasmi, Kirumba, Mwanza

Ndugu Mgeni Rasmi,
Viongozi wa mwalo,
Wazazi, walezi na wanakikundi wenzangu,

Kwa niaba ya kikundi chetu, naomba nikukaribishe Kirumba. Tunajua majukumu yako ni mengi, na kufika kwako leo kumetutia moyo sana.

Ndugu Mgeni Rasmi, sisi ni vijana wa Ilemela na Nyamagana, pamoja na wachache wa Ukerewe. Wamo wanafunzi wa vyuo, mafundi simu, mwalimu wa hisabati, na binti anayeuza dagaa na mama yake hapa hapa mwaloni. Hakuna anayelipwa. Tumekusudia kutengeneza programu ya simu ya kuweka kumbukumbu za dagaa wanaopokelewa: nani kaleta, makarai mangapi, kwa bei gani, na nani anadaiwa.

Kwa sasa kazi hiyo hufanywa kwa daftari. Tulikaa na karani mmoja alfajiri, mitumbwi ikirudi. Daftari lake lilikuwa limelowa maji ya dagaa. Kila karai ni kijistari, vinne vimesimama na cha tano kinavikata. Anajumlisha kwa mwanga wa tochi aliyoibana begani, huku wanunuzi wanamwita kila upande. Ukurasa ukichanika, deni linabaki la mdomo, na ugomvi unaanzia hapo.

Wengi wanatuuliza mbona hatujaanza kuandika programu yenyewe. Tumetanguliza mpango kwa makusudi. Baadhi yetu tuliwahi kushiriki mradi wa kujitolea ulioanza kwa kishindo. Kila mtu alijichukulia kazi aliyoipenda, nywila zote zikabaki kwa kijana mmoja, naye alipopata ajira mbali mradi ukalala mpaka leo. Moyo wa kazi ulikuwepo tele, makubaliano hayakuwepo.

Safari hii makubaliano yameandikwa. Kazi zimekatwa vipande vidogo, vya jioni mbili tatu, maana mtu wa kujitolea ana mitihani, ana duka, ana mtoto anayeumwa. Aliyelemewa anarudisha kazi bila kulaumiwa, ila asikae nayo kimya. Badiliko haliingii kwenye programu kabla mwenzako hajalisoma na kulijaribu. Nywila ziko kwa watu watatu. Tukibishana tusifikie mwafaka, wasimamizi wawili wanaamua na sababu inaandikwa. Kipengele hiki kilituchosha vikaoni kuliko vyote, na ndicho ninachokitegemea zaidi.

Kazi yetu tutaitunza kwa Git, programu aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya watengenezaji wa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, waliotawanyika duniani. Huhifadhi kila badiliko na jina la aliyelifanya, na kila mshiriki ana nakala kamili kwenye kompyuta yake. Kwetu faida yake ni kubwa: mwenzetu wa Ukerewe akiishiwa bando anaendelea na kazi, kisha anaituma akipata mtandao. Leseni tuliyoichagua, yaani masharti ya matumizi ya programu, ni GPL, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1989. Mtu yeyote ana ruhusa ya kuitumia programu, kuibadilisha, hata kuiuza. Ila akisambaza aliyoibadilisha, awape wanaoipokea msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, kwa masharti yaleyale. Hivyo mwalo wowote wa Musoma au Bukoba utaichukua kazi hii bila kutupigia hodi.

Afrika Mashariki jambo hili si geni. Mwaka 2008 Wakenya walianzisha programu iitwayo Ushahidi kukusanya taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi; kwa kuwa ni programu huria, ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, mwaka 2010 ilitumika Haiti baada ya tetemeko.

Toleo letu la kwanza litafanya jambo moja tu: kuhesabu makarai na kutoa jumla, bila intaneti, kwa simu janja ya bei nafuu. Bei na madeni vitafuata. Huduma ya simu za kitochi nayo itasubiri, kwani inahitaji mapatano na kampuni za simu na gharama za kuiendesha, na hatutaki kuwaahidi watu wa mwaloni kitu tusichoweza kukilipia.

Ndugu Mgeni Rasmi, tuna maombi mawili. Kwanza, tupatiwe chumba chenye umeme na intaneti siku za Jumamosi. Pili, na hili ndilo kubwa, utuombee kwa viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, na makarani watupokee kipindi cha giza, usiku usio na mbalamwezi, dagaa wanapovuliwa kwa wingi. Kompyuta tunazo, chakavu lakini zinafanya kazi. Tunachohitaji ni karani aishike simu kwa vidole vilivyolowa, aijaribu palepale kwenye msukumano, atuambie wapi panamkwamisha, tukaparekebishe, kisha turudi tena kwake.

Naomba kuwasilisha. Ahsante kwa kutusikiliza.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanakikundi.