Kwenu vijana mnaotengeneza filamu: msimsafishe steringi

Wanangu,

Steringi wa filamu zenu ni wasafi mno. Akipiga mtu ana haki, akichukia ana sababu, na mtazamaji haachiwi kazi yoyote. Nawaomba mkae na The Searchers, picha ya makauboi ya John Ford ya mwaka 1956.

John Wayne ni Ethan Edwards, askari wa upande wa Kusini ulioshindwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, anayerudi kwa ndugu yake Texas mwaka 1868. Wakomanche, wenyeji wa asili wa Marekani, wanavamia, wanaua, wanamchukua Debbie, mtoto wa ndugu yake. Ethan anamsaka miaka na miaka, na polepole tunang'amua kwamba anataka kumpata ili amuue, kwa kuwa amekulia kwa maadui. Akikuta maiti ya Mkomanche anaipiga risasi za macho, maana anajua imani yao: asiye na macho haingii kwenye nchi ya roho. Ameijua dini ya watu ili aitumie kuwaumiza. Ford hamtetei hata kidogo.

Sasa tazameni kamera. Kabla ya msako, shemeji yake Martha anakwenda kulichukua koti la Ethan, analipapasa taratibu akidhani yuko peke yake. Mchungaji amesimama sebuleni na kahawa yake, macho mbele, anajifanya haoni. Hakuna anayetamka neno, nasi tumeshajua nani anampenda nani na kwa nini haiwezekani. Ninyi hapo mngeandika kurasa tatu za maongezi.

Mpiga picha Winton Hoch alitumia VistaVision, mfumo wa kupiga filamu ambamo mkanda hupita kwa ubavu na kila fremu huwa kubwa zaidi, ndiyo maana miamba myekundu ya Monument Valley inaonekana kali hivyo. (Hapo si Texas, ni nchi ya Wanavajo, wenyeji wengine wa asili, mpakani mwa Utah na Arizona.) Ndani ya nyumba ni giza, nje jua linawaka, na Ethan husimama mlangoni kama mtu asiye na upande.

Lakini msiyameze yote. Chifu Scar ameigizwa na mzungu mzaliwa wa Ujerumani, na Wakomanche wenyewe karibu hawapewi nafasi ya kusimulia msiba wao. Hilo lichukieni waziwazi, huku mkijifunza mwanga.

Muswada unaofuata, nileteeni ukurasa mmoja ambao steringi anatenda ubaya na hakuna anayemwombea radhi.

Mzee wenu