Mwasisi au waasisi?

Mhariri,

Ghana inabishania kiambishi kimoja: ni Siku ya Mwasisi au Siku ya Waasisi? Mwaka 2009 serikali ya John Atta Mills iliifanya 21 Septemba, siku aliyozaliwa rais wa kwanza wa Ghana, Kwame Nkrumah, kuwa sikukuu ya Mwasisi. Mmoja tu. Mwaka 2019, chini ya Rais Nana Akufo-Addo, sheria ikahamishia heshima hiyo 4 Agosti, na waasisi wakawa wengi. Tarehe hiyo haikuokotwa njiani. Ndiyo siku chama cha kudai uhuru, UGCC, kilipozinduliwa mjini Saltpond mwaka 1947, na mmoja wa vinara wake, J. B. Danquah, kiukoo ni babu yake Akufo-Addo. Danquah huyohuyo alifia kizuizini mwaka 1965, Nkrumah akiwa madarakani. Kisha mwaka 2025 serikali ya John Mahama ikarudisha 21 Septemba, na mwasisi akawa mmoja tena.

Sisemi 4 Agosti haina uzito. Nkrumah mwenyewe alirudi nyumbani kwa kuitwa na UGCC awe katibu wake mkuu. Kinachoniudhi ni kwamba mtoto aliyeanza shule mwaka 2018 ameshakaririshwa jibu, akaambiwa si sahihi, halafu akaambiwa lilikuwa sahihi.

Wapo waliobadili tarehe na ikatulia. Ufilipino ilikuwa ikisherehekea 4 Julai, siku Marekani ilipowaachia nchi yao mwaka 1946, ambayo ni sikukuu ya uhuru ya Marekani yenyewe! Mwaka 1962 Rais Diosdado Macapagal akarudi kwenye 12 Juni, siku Emilio Aguinaldo alipotangaza uhuru mwaka 1898. Mzee Aguinaldo, akiwa na miaka zaidi ya 90, alihudhuria. Ferdinand Marcos alimbwaga Macapagal katika uchaguzi wa 1965, lakini tarehe hakuigusa.

Kenya nayo iliifuta Siku ya Kenyatta, ikaiita 20 Oktoba Siku ya Mashujaa na kuiandika katika Katiba ya 2010. Jina hilo limewameza wengi, maana ni vijana wangapi watakutajia Kaggia, Kubai, Karumba, Ngei na Oneko, walioshtakiwa Kapenguria pamoja na Kenyatta? Hata hivyo, hakuna serikali inayoweza kuamka asubuhi na kuibadilisha kwa wingi wa kawaida wa viti vyake bungeni. Ghana nayo ingeiandika siku yake katika katiba, hata kama itachagua tarehe nisiyoipenda mimi.

Msomaji wako